Sanduku la karata lisimwadhibu anayezitunza

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitosha katika zama ambazo mnunuzi alilibonyeza embe kwa kidole kabla ya kulilipia. Leo bidhaa nyingi hufika dukani zikiwa zimefungwa, na kinachojitembeza mbele ya macho yetu ni sanduku. Mnunuzi anapolifungua, fedha zake zimekwisha kwenda. Ndiyo sababu nimediriki kuitumia safu hii kuzungumzia jambo ambalo baadhi ya wasomaji huenda wakaliona dogo, nalo ni jinsi masanduku ya michezo ya karata yanavyobuniwa.

Nafafanua mapema kwamba sizungumzii kamari. Nazungumzia michezo ya mezani inayochezwa na jamaa na marafiki, ambamo kila karata ina picha na amri yake: hii hununua, ile hujenga, nyingine humzuia jirani. Mfano mashuhuri ni Dominion, mchezo uliotungwa na Donald X. Vaccarino na kutolewa mwaka 2008. Ulikuwa na karata 500 ndani ya sanduku moja, na mwaka 2009 ulitunukiwa Spiel des Jahres, tuzo kuu ya michezo nchini Ujerumani. Katika mchezo wa namna hiyo karata huchangwa tena na tena katika kikao kimoja, na kila zinapochangwa hukwaruzana.

Msomaji aliyewahi kuketi barazani na wacheza karata anajua hatari iliyopo. Karata iliyokunjika pembe au kuingia doa la chai hutambulikana hata ikiwa imelala kifudifudi. Ikishatambulikana, siri imevuja na mchezo hauna maana tena. Isitoshe, sisi tunaoishi pwani tuna adui mwingine, yaani unyevu wa hewa. Karatasi huunyonya, na ikiwa upande mmoja umefunikwa kwa utando wa kung'aa ilhali mwingine haukufunikwa sawasawa, pande hizo hazivimbi kwa kiasi kimoja, na karata hupinda kama jani la mnazi lililokauka.

Kwa sababu hizo, wapenzi wa michezo hii ulimwenguni huivika kila karata kifuko chembamba cha plastiki angavu. Kifuko hakiuzuii unyevu wote, maana mdomo wake u wazi, lakini huikinga karata na mafuta ya mikono, madoa na michubuko. Vipo pia vifuko ambavyo mgongo wake una rangi nzito isiyopenyeza macho. Hivi vina faida ya ziada. Karata moja ikipotea, unaweza kuandika maneno yake kwenye kipande cha karatasi, ukakitia kifukoni na kuendelea kucheza, kwani migongo yote inafanana.

Sasa niruhusiwe kusimulia yaliyonikuta. Miaka miwili iliyopita, mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka kumi na mmoja, aliletewa zawadi ya mchezo wa karata kutoka ng'ambo. Sitautaja jina wala kampuni iliyoutengeneza. Ulikuwa na karata 180, zilizolala katika vijumba viwili vya plastiki, kila kijumba kikibeba karata 90. Kwa kuogopa hewa yetu ya Mombasa, nilimnunulia vifuko, tukakaa jioni nzima sakafuni tukizivika karata moja baada ya nyingine. Tulipomaliza, kijana akajaribu kuzirudisha mahali pake. Akajaribu kwa upole, akajaribu kwa nguvu, kisha akanigeukia na kuniambia: "Ami, mchezo wetu umenenepa. Nyumba yake haiutoshi tena."

Nilichukua rula. Karata zile zilikuwa za kipimo kinachotumika sana, upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Kifuko chake kina upana wa nje wa milimita 66. Kijumba kilikuwa na upana wa milimita 65. Naam, milimita moja tu! Na hata kama zingeingia, kifuniko kisingefunga. Karata ya kawaida ina unene wa takriban milimita 0.3, kwa hivyo karata 90 ni milimita 27. Vifuko vyetu vilikuwa vizito kidogo, plastiki ya milimita 0.1 kila upande, na hivyo kila karata ikafikia milimita 0.5. Karata 90 zikawa na kimo cha milimita 45, bila ya kuhesabu hewa inayobaki ndani ya vifuko. Kijumba kilikuwa na kina cha milimita 30.

Kilichotuudhi zaidi ni tulichokigundua tulipokitoa kile kigawanyo cha plastiki. Chini yake hapakuwa na kitu. Zaidi ya nusu ya sanduku lile lilikuwa hewa tupu, iliyofunikwa ili mnunuzi aone sanduku kubwa dukani na kudhani amepata kingi. Nafasi ya kuzihifadhi karata zilizovikwa ilikuwapo tangu mwanzo. Aliyelibuni sanduku aliamua kuifungia.

Tulizifunga karata kwa mipira ile ya kufungia noti na kuziweka katika mkebe wa biskuti. Mipira ikauma kingo za vifuko. Mkebe ukaangushwa, karata zikatawanyika, na moja haikuonekana tena. Hapa ndipo nilipoukumbuka mchezo wetu wa bao. Bao la Kiswahili lina kete 64, na aghalabu kete hizo ni komwe. Komwe moja ikipotea, mtoto hutumwa kuchuma nyingine mkomweni. Lakini hakuna mti uzaao karata, na duka halikuuzii karata moja.

Nimeyawaza haya kwa muda, na nimefikia uamuzi kwamba kosa lile halikuwa la rula bali la mtazamo. Mbunifu alilipimia sanduku siku moja tu, siku ambayo bidhaa inatoka kiwandani ikiwa mpya na haijaguswa. Hakuzipimia siku elfu zinazofuata, ambazo mwenye mchezo huufungua, huucheza na kuurudisha kabatini. Matokeo yake ni kinyume cha haki. Asiyejali, anayezitupa karata ovyo, sanduku linamtosha. Anayejali, aliyetoa fedha za ziada ili mchezo udumu, ndiye anayeadhibiwa.

Najua watengenezaji wana hoja zao, na ni vyema zisikilizwe. Watasema kwamba sanduku kubwa hugharimu zaidi kulisafirisha, na kwamba si kila mnunuzi anayetumia vifuko. Hoja hiyo ina uzito, kwani shehena za baharini hutozwa kwa nafasi zinazochukua. Lakini mimi sidai sanduku kubwa zaidi. Nadai nafasi iliyokwisha kulipiwa itumike kwa manufaa ya aliyeilipia. Mfereji mmoja mrefu wa kadibodi, wenye vigawanyo vinavyosogezwa, unaweza kuhifadhi karata nyingi kuliko vijumba vya plastiki vilivyofinyangwa kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Asiyetumia vifuko atajaza pengo kwa kipande cha sponji au kadibodi iliyokunjwa. Kulijaza pengo ni rahisi. Kuupanua ukuta hakuwezekani.

Wapo pia watakaouliza iwapo inafaa kuitetea plastiki katika nchi iliyoipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017. Swali hilo ni la haki. Simtaki mtengenezaji atie vifuko ndani ya kila sanduku, vitumike visitumike. Hiari ibaki kwa mnunuzi. Na anayevinunua achague vya polipropilini, si vya PVC laini, kwa maana vilainishi vilivyomo ndani ya PVC hujitokeza kadiri miaka inavyopita na kuharibu wino. Kifuko kizuri kinachoihifadhi karata kwa miaka mingi si sawa na mfuko wa kubebea mkate unaotupwa jioni ile ile.

Basi, yapasa nini kufanyika? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mtambo mpya. Kwanza, kijumba cha karata zenye upana wa milimita 63 kisiwe chini ya milimita 70, ili kifuko kiingie na kidole kipate pa kupenya. Pili, karata zinazosimama wima zihesabiwe kwa unene wa mara mbili ya karata tupu. Kiasi hicho kitatosha kwa vifuko vyembamba na vile vizito vya kawaida, pamoja na hewa iliyomo. Tatu, sanduku lijaribiwe kama litakavyotumika: lijazwe karata zilizovikwa, lisimamishwe ubavuni kama kitabu rafuni, kisha litikiswe. Vifuko huteleza sana, na kifuniko kisipozigandamiza karata kidogo zitamwagika zote. Nne, nje ya sanduku kuandikwe idadi ya karata na vipimo vyake, ili mnunuzi asikisie anapokwenda kutafuta vifuko. Baadhi ya watengenezaji wa ng'ambo wamekwisha kuanza kufanya hivyo, na sioni kinachowazuia wengine.

Neno langu la mwisho nawaelekezea wabunifu wa hapa nchini. Karata zilitufikia kwa mikono ya wageni. Neno "karata" lenyewe ni la asili ya Kireno, kama yalivyo uru, kopa, shupaza na turufu, athari za watu wale wale walioanza kuijenga Fort Jesus mjini Mombasa mwaka 1593. Wazee wetu hawakuridhika kuzipokea tu. Walizitungia michezo na istilahi hata zikawa zetu. Sasa vijana wetu wanatunga michezo yao wenyewe, wakichora wenyewe na kuwapelekea wapiga chapa wa Nairobi. Hilo ni jambo la fahari. Lakini nimeona kwamba, baada ya kuhangaika miezi mingi na picha na kanuni, wengi hulikumbuka sanduku siku ya mwisho, na kuiga lile la kigeni pamoja na kasoro zake. Nawasihi wasiige kasoro. Mkenya anayenunua mchezo wa maelfu ya shilingi hanunui mwingine mwezi ujao. Ameununua ili wanawe waucheze, na pengine wajukuu. Sanduku ndilo ahadi ya kwanza anayopewa kwamba jambo hilo linawezekana.

Ama kuhusu mchezo wetu, haukufa. Kijana wangu alichukua sanduku la viatu, rula, makasi na gundi ya uji wa unga wa ngano, akakata kadibodi na kuunda mifereji miwili yenye upana wa milimita 70. Aliibandika ndani ya sanduku lile lile la awali, pale palipokuwa na hewa tupu. Karata zote zikaingia na vifuko vyake, na ile iliyopotea tukaiandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi tukakitia kifukoni. Kifuniko kilifunga.

Ikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja aliweza kulirekebisha jambo hilo kwa alasiri moja, kampuni yenye wachoraji, wahandisi na mitambo haina udhuru. Wazichange karata zao upya.