Acheni Kusingizia RAM

Jamani, hii habari ya "nunua kompyuta mpya" imenichosha.

Juzi rafiki yangu anayechora ramani za mabomba ya maji aliniita nimtazamie laptopu yake. Programu yenyewe siitaji, ila ni ya kulipia, na si bei ya mandazi. Amefungua matabaka kama ishirini: barabara, mito, mipaka ya kata, picha ya setilaiti chini kabisa, na juu yake vituo vya maji elfu kadhaa. Anashika kituo kimoja kwa kipanya, anakiburuta. Kimya. Anaburuta tena. Kimya. Mara kituo kinaruka kama panzi na kutua ng'ambo ya mto. Mwenyewe alishaachia kipanya zamani, akidhani kimefika. Kama asingekuwa makini, fundi angetumwa huko kutafuta bomba lisilokuwepo.

Fundi wa kompyuta kazini kwao alimwambia aongeze RAM. Akaongeza, kutoka GB 4 hadi 8, kwa pesa zake. Panzi bado anaruka.

Haya basi, tupige hesabu. Kipanya cha kawaida cha USB huripoti mahali kilipo mara 125 hivi kwa sekunde. Sasa mwanaprogramu mvivu anaandika: kila ripoti ikifika, chora ramani nzima upya. Tuseme kuchora matabaka yote kunachukua nusu sekunde. Ukiburuta kwa sekunde 2 tu, umeagiza michoro 250, yaani dakika mbili na ushee za kazi! Ni kweli Windows hupunguza foleni hiyo kwa kuipa programu mahali pa mwisho tu pa kipanya, lakini nusu sekunde kwa kila mchoro inabaki nusu sekunde. Robert Miller aliandika tangu 1968, Jakob Nielsen akarudia 1993, kwamba jibu likizidi sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huanza kuhisi kuchelewa. Nunua mashine yenye kasi mara mbili, utapata robo sekunde. Bado mkono uko mbele ya skrini.

Na dawa yake wala si uchawi. Mtu anaposhika kituo, chora mara moja kila kisichosogea, uhifadhi kama picha. Kipanya kikisogea, bandika picha ile ile, kisha chora juu yake kituo kimoja na mabomba yaliyoshikana nacho. Basi! Ukitaka kituo kinate kwenye bomba la karibu, usipekue mabomba yote ya kaunti. Tumia faharasa ya mahali. Antonin Guttman alieleza mti wa R mwaka 1984, wengine wetu tukiwa bado watoto. Kupima urefu wa bomba na kuandika kwenye hifadhidata kusubiri hadi kipanya kiachiwe.

Halafu kuna dhambi kubwa zaidi: kuchora ramani kwenye uzi ule ule unaosikiliza kipanya. Aliyewahi kuandika Swing ya Java analijua hili. Uzi wa matukio ni mmoja. Ukiubebesha mzigo, dirisha zima linakufa ganzi. QGIS, ambayo ni programu huria na ya bure, ilipata uchoraji wa nyuzi nyingi katika toleo 2.4, mwaka 2014. Sasa mnaolipwa mna kisingizio gani?

Najua nitaambiwa, "Lakini mteja anataka kuona ramani kamili ikibadilika papo hapo." Nani kasema? Zamani ukiburuta dirisha kwenye Windows uliona fremu tupu tu ikitembea, na ukijua pa kuliachia. Kinachotakiwa kumfuata mtu papo hapo ni kile alichokishika. Majina ya barabara yanaweza kungoja.

Ombi langu kwa wanaoandika programu hizi: jaribuni kazi yenu kwenye laptopu ya kawaida, yenye ramani iliyojaa kama za watu wa kazi, si ile ya mfano yenye nukta kumi.

Rafiki yangu kwa sasa anazima matabaka yote isipokuwa moja, anasogeza kituo, anayawasha tena ili ahakikishe, anayazima tena. Vituo vya kurekebisha vimebaki mia tatu.