Mshika rimoti mbili

Novemba 23, 2024, siku ya Jumamosi, rafiki yangu alinialika kwake hapa Columbus, Ohio, tutazame futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Sebule ilikuwa imegeuka karakana. Televisheni kubwa ukutani, ndogo juu ya kabati la vyombo, kompyuta mpakato kwenye stuli, simu imeegemea chupa ya chai. Mechi nne, rimoti mbili. Shemeji alileta maandazi huku akiruka nyaya. Mtoto wao wa miaka saba akaja kuuliza: "Baba, nani anaongoza?" Baba akajibu bila kugeuka: "Wapi?"

Kipindi cha pili kilipoanza, kompyuta iliganda. Sote tukaiinamia, huyu anabonyeza hiki, yule anazima kile. Ghafla nyumba ya jirani ikalipuka kwa kelele. Jirani ana televisheni moja tu. Indiana walikuwa wamepiga mpira mbali kwa teke, Caleb Downs wa Ohio State akaudaka na kukimbia nao yadi 79 hadi mwisho wa uwanja. Jambo hilo lilitokea kwenye skrini yetu kubwa kuliko zote, hatua mbili kutoka migongo yetu. Tuliliona kwenye marudio.

Rafiki yangu si mjinga. Anaamini kile ambacho karibu kila mpenzi wa michezo ya vyuo Marekani anakiamini: mechi zikigongana, kinachokosekana ni vifaa. Ongeza skrini, ongeza kifurushi, lipia na ile chaneli iliyobaki, hutakosa kitu. Nami nasema huo ni uongo, tena uongo tunaoulipia kila mwezi.

Kwanza, mechi hazigongani kwa bahati mbaya. Zamani NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichoamua nani aonekane kwenye televisheni. Chini ya mpango wake wa mwisho, timu moja ya futiboli haikuruhusiwa kuonyeshwa zaidi ya mara 6 katika misimu 2. Hoja ilikuwa kwamba watu wakitazama wakiwa nyumbani, viwanja vitabaki vitupu. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na Juni 1984 Mahakama ya Juu ikauvunja utaratibu huo kwa kura 7 dhidi ya 2. Mmoja wa wale wawili waliopinga, Jaji Byron White, aliwahi kuwa nyota wa futiboli katika Chuo Kikuu cha Colorado. Tangu hukumu hiyo mechi zikawa bidhaa huria sokoni.

Sokoni muuzaji hampishi mwenzake. Siku hizi Fox huweka mechi yake kubwa ya ligi ya Big Ten saa sita mchana, CBS saa tisa na nusu alasiri, NBC usiku. ESPN na ABC, wenye ligi ya SEC, nao hawakai wakasubiri zamu. Huweka mechi zao nzito saa hizohizo. Kila kituo kinataka kumnyang'anya jirani yake watazamaji. Kwa hiyo mgongano unaoutafutia dawa ndiyo biashara yenyewe. Anayekuuzia dawa ndiye aliyekuambukiza.

Tena hata anayelipa hana uhakika. Agosti 31, 2023, Florida wakicheza ugenini Utah kwenye ESPN, wateja wa kampuni ya kebo ya Spectrum walishtukia chaneli imeondolewa, kwa sababu kampuni yao na Disney, mwenye ESPN na ABC, hawakuwa wameelewana bei. Mwishoni mwa Oktoba 2025 yaliwakuta wateja wa YouTube TV, televisheni ya kulipia ya mtandaoni: wiki mbili bila ESPN wala ABC, katikati ya msimu. Walikuwa wamelipa. Fahali wawili walipigana, nyasi zikaumia pamoja na stakabadhi zao.

Nitajibiwa kwamba zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, na kweli ilikuwa. Kwenye mashindano ya mpira wa kikapu ya Machi, hadi 2010 CBS ndiyo iliyorusha karibu mechi zote, na ndiyo iliyoamua, kwa kufuata mji unaoishi, utazame ipi. Mwaka 2011 TBS, TNT na truTV zikaingia, kila mechi ikaanza kuonyeshwa nzima nchi nzima. Sitaki turudi nyuma. Lakini kupewa nafasi ya kuchagua ni jambo moja, na kuchagua ni jingine. Tulipewa chaneli nne ili tuchague. Sisi tukazitafsiri kuwa amri ya kutazama zote nne. Machi 2023 YouTube TV wakaja na mtindo wa kugawa skrini moja vipande vinne, mechi nne kwa pamoja. Ila sauti hutoka kwenye kipande kimoja tu. Mtambo wenyewe umekiri kwamba binadamu hawezi kufuatilia manne. Mkaidi aliyebaki ni mtazamaji.

Na tazama huo wingi tunautumiaje. Asubuhi ya Jumamosi ileile, huko Madison, Wisconsin, Doris Lemngole, Mkenya aliyekuwa akikimbia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Alabama, alishinda mbio za nyika za vyuo vya Marekani nzima. Sebuleni kwetu Waswahili watu wazima tulikuwa na skrini nne, na zote nne zilikuwa za futiboli. Hatukumkosa dada yetu kwa uhaba wa skrini. Hatukumchagua.

Mimi mwenyewe nina kovu la ugonjwa huu. Usiku wa Machi 12, 2009, Connecticut walicheza na Syracuse kwenye mashindano ya ligi ya Big East, uwanja wa Madison Square Garden, New York. Connecticut ndiyo ilikuwa timu ya Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam. Sekunde za mwisho, matokeo yakiwa 71 kwa 71, Eric Devendorf wa Syracuse alirusha mpira kutoka mbali, ukaingia, naye akaruka juu ya meza akishangilia. Kwangu yalikuwa yamekwisha. Nikahamia mechi ya pwani ya magharibi, baadaye nikalala.

Asubuhi niliambiwa kwamba waamuzi waliangalia picha za video, wakaona saa iliisha mpira ukiwa bado mkononi mwa Devendorf. Kikapu kikafutwa. Wakacheza muda wa nyongeza mara 6, na katika nyongeza 5 za mwanzo Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Jonny Flynn alicheza dakika 67 kati ya 70. Thabeet alitolewa kwa faulo tano. Syracuse walishinda 127 kwa 117, saa saba na dakika 22 usiku kwa saa za New York, wakati Dar ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi na watu wako kazini. Miezi mitatu baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Nilikuwa na chaneli hiyo na nilikuwa nimeilipia. Nilichokosa ni subira ya dakika tatu. Mechi niliyoikimbilia siikumbuki hata ilikuwa ya nani.

Basi tufanyeje mechi zinapogongana? Kaa na ratiba Ijumaa jioni, uchague moja. Kabla hujaongeza kifurushi, nunua antena: ABC, CBS, Fox na NBC hupatikana hewani bure katika miji mingi ya Marekani, na mechi nyingi kubwa ziko humo. Mechi ya pili irekodi, na uongeze saa nzima mwishoni, maana futiboli ya vyuo huchukua kama saa tatu na nusu na nyongeza haigongi hodi. Kisha zima simu mpaka uitazame. Ya tatu isikilize redioni ukiwa jikoni au garini. Ukishindwa kujizuia kuhama chaneli, hama wakati wa mapumziko: futiboli ina dakika 20, kikapu 15. Zinatosha kuchungulia kwa jirani na kurudi.

Zilizobaki ziache zipite. Ndiyo, utakosa mechi nzuri. Utakosa nyingi kila Jumamosi mpaka mwisho wa maisha yako, na rafiki yangu mwenye skrini nne anakosa hizohizo, tofauti ni kwamba yeye anatozwa. Wiki ijayo zima tatu, bakisha moja, utazame mpaka saa isimame. Na mtoto akija kuuliza nani anaongoza, uwe na jibu.