Miji mitatu inatosha: kabla hujawazungusha watoto Marekani kwa gari

Kila likizo ya Agosti ikikaribia, maswali ya aina moja huanza kuingia kwenye laini yetu ya huduma. Nitalipaje gari la kukodi nikiwa Marekani? Laini yangu itashika nikifika New York? Na je, naweza kukopa kwa simu nikiwa huko? Mawili ya kwanza tunayajibu haraka. La tatu ndilo limetufanya tuandike, kwa sababu jibu letu huenda likakushangaza: unaweza, lakini tunakuomba usifanye hivyo. Ukiona kwamba safari haiwezi kuisha bila mkopo wa simu, basi miji uliyopanga ni mingi mno. Punguza miji.

Ndiyo, mkopo huo tunauuza sisi. Kila siku unapokaa nao, sisi tunapata. Lakini tumeona watu wakirudi na picha nzuri na deni baya, na mmoja wao anakaa dawati la pili kutoka dirishani hapa ofisini kwetu.

Risiti zilizowekwa mezani

Mwenzetu huyo, ambaye ameturuhusu tumsimulie bila jina, alisafiri Agosti iliyopita na mkewe na watoto watatu: wa miaka 13, 9 na 5. Walipanga siku 14 na miji mitano: New York, Philadelphia, Washington, Atlanta, Orlando. Kwenye ramani ya simu ilionekana poa tu, mstari mmoja unaoshuka kusini. Lakini mstari ule una zaidi ya kilomita 2,000, yaani Nairobi hadi Mombasa mara nne na ushee. Washington hadi Atlanta peke yake ni kama kilomita 1,000. Na mtoto wa miaka mitano hajui kilomita. Anajua njaa, mkojo na "tumefika?"

Siku ya kumi, saa tatu usiku, walikuwa kusini mwa Georgia, bado hawajavuka kuingia Florida. Watoto wamelala kwenye gari. Wakaingia moteli ya kando ya barabara, akatoa kadi, ikakataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa. Akafikiria kuhamisha pesa kutoka kwenye simu, lakini namba ya uthibitisho ilikuwa inatumwa kwa laini yake ya Kenya, na laini hiyo hakuiwashia huduma ya kutumika nje ya nchi. Nairobi ilikuwa saa kumi alfajiri. Nani angemwamsha?

Akampigia shemeji yake aliye Baltimore kwa namba mpya ya Marekani. Shemeji akakata simu. Akapiga tena, akakata tena. Alidhani ni tapeli, na hatumlaumu, maana "nimekwama na watoto, nisaidie pesa" ndiyo hadithi ambayo matapeli hupenda kuliko zote. Mara ya tatu mkewe ndiye aliyeongea, na dada mtu akaitambua sauti. Shemeji akalipia chumba mtandaoni kwa jina la mwenzetu, wakalala.

Asubuhi aliwasha laini, akakopa kwa simu ili wamalize Orlando, kwa kuwa tiketi za bustani ya michezo zilikuwa zimeshalipiwa. Waliporudi Nairobi, muhula wa tatu ulikuwa unafunguliwa. Karo ikalipwa kwa mkopo wa chama, na ule wa simu ukaendelea kukatwa kwenye kila pesa iliyoingia. Mpaka Novemba.

Kwani alifilisika? Hapana. Ndiyo maana tunaisimulia. Tulipopanga risiti mezani, pesa zilikuwepo, ila zilikuwa zimeshikiliwa.

Pesa ipo lakini haishikiki

Ukikodi gari Marekani, kampuni hushikilia amana kwenye kadi yako. Hoteli nyingi nazo hufanya hivyo hivyo. Kama kadi ni ya mkopo wa benki, kinachoshikiliwa ni nafasi ya kukopa. Kama kadi inatoa pesa yako mwenyewe, kinachoshikiliwa ni pesa yako, na baada ya kuondoka hotelini inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi.

Sasa angalia kinachotokea ukihama haraka. Mwenzetu alikuwa na dola 300 zilizoshikiliwa na kampuni ya gari. Hoteli ya Washington ilikuwa bado haijaachilia dola 100. Ya Atlanta nayo ilikuwa na dola 100 zake. Jumla dola 500. Tukichukua dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 65,000 ambazo ni zake, zinaonekana kwenye taarifa ya benki, na haziwezi kumlipia chumba cha moteli.

Angekaa siku nne nne katika mji mmoja, amana ya hoteli ya nyuma ingekuwa na nafasi ya kurudi kabla hajahama tena. Hii ndiyo sababu yetu ya kwanza ya kusema miji michache: ukihama kila baada ya siku mbili, amana zinapandana.

Bandu bandu huisha gogo

Sababu ya pili ni kwamba kila kuhama kuna bei yake, na bei hiyo haiandikwi popote kwa ujumla.

Kuna tozo za barabara. Kutoka New York kwenda Washington utapita barabara na madaraja ya kulipia New Jersey, Delaware na Maryland. Sehemu nyingine hakuna wa kupokea pesa taslimu, kamera inasoma namba ya gari, bili inaenda kwa kampuni iliyokukodisha, nayo inakukata pamoja na ada yake ya usumbufu. Makato yanaweza kuja wiki kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani. Uliza habari ya tozo pale kaunta kabla hujapewa funguo.

Kuna kiti cha mtoto. Majimbo yote 50 yana sheria kuhusu viti vya watoto kwenye gari, na kampuni za kukodisha hutoza kiti kwa siku. Kuna maegesho, ambayo hoteli za katikati ya miji mikubwa hutoza kila usiku. Kuna ada ya kuchukua gari mji mmoja na kulirudisha mji mwingine. Kuna mafuta, yanayouzwa kwa galoni, ambayo ni kama lita 3.8, na pampu nyingi zitakuuliza namba ya posta ya Marekani ya tarakimu tano ambayo kadi yako ya Kenya haina. Hapo usibabaike, ingia ndani ulipe kwa keshia kwanza.

Halafu kuna chakula cha njiani. Bei ya kwenye menyu si bei utakayolipa. Chukua mlo wa watu watano wa dola 80 mjini New York. Kodi ya mauzo pale ni asilimia 8.875, ongeza dola 7.10. Bakshishi ya mhudumu kwa kawaida ni kati ya asilimia 15 na 20, ukitoa 18 ongeza dola 14.40. Umefika dola 101.50, zaidi ya shilingi 13,000 kwa kuketi mara moja. Ukiwa umekaa mji mmoja, utanunua mkate, maziwa na matunda dukani mle hotelini. Ukiwa barabarani siku nzima na watoto wenye njaa, utakula popote patakapotokea.

Miji yetu mitatu

Tungekuwa tunakwenda sisi, tungechagua New York, Philadelphia na Washington, basi. Njia yote haifiki kilomita 400, ni fupi kuliko Nairobi hadi Mombasa, na hakuna siku mtoto atakayokaa kwenye gari kutwa. Nauli ya ndege hatujaigusa hapa, lakini kumbuka kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tangu Oktoba 2018.

New York usiwe na gari kabisa. Panda treni ya chini ya ardhi, ambapo mtu mzima hugusisha kadi langoni na mtoto asiyezidi kimo cha inchi 44, kama sentimita 112, husafiri bure akiwa naye. Feri ya Staten Island ni bure pia, na inapita mahali ambapo Sanamu ya Uhuru inaonekana vizuri. Yule mtoto wa miaka tisa, ukimuuliza leo habari ya Marekani, anaanza na feri. Walipanda mara mbili.

Gari chukua siku ya kuondoka New York, si siku ya kutua. Philadelphia kuiona Kengele ya Uhuru ni bure, na jimbo la Pennsylvania halitozi kodi ya mauzo kwa nguo nyingi za kawaida, kwa hiyo kama kuna viatu vya shule vya kununua, nunua huko. Washington, makumbusho ya Smithsonian hayana kiingilio: ya ndege na vyombo vya angani, ya viumbe na historia asilia, ya historia na utamaduni wa Waamerika weusi iliyofunguliwa 2016. Baadhi yanahitaji tiketi ya muda maalumu, nayo ni ya bure, ila uichukue mapema mtandaoni. Siku nne Washington zinaweza kupita bila kulipa kiingilio hata kimoja.

"Lakini tumeshalipia visa!"

Hoja hii tunaisikia sana, na ina uzito. Ada ya ombi la visa ya kutembea ni dola 185 kwa kila mtu, watoto pia, na hairudishwi hata ukinyimwa. Familia ya watu watano ni dola 925, yaani shilingi 120,250, kabla ya tiketi ya ndege. Mtu akishalipa hivyo anajiambia: huenda ni mara moja maishani, mbona tusione yote?

Jibu letu ni kwamba pesa ya visa na ndege imeshakwenda, na mji wa nne hauwezi kuirudisha. Mji wa nne una bei yake mpya, na ndiyo unapaswa kuiuliza: je, hii pesa ninayo leo, nje ya karo, nje ya kodi ya nyumba, nje ya dharura? Kama ipo, nenda Atlanta, nenda Orlando, ufurahie. Hatuna ugomvi na Orlando. Kama haipo, usitegemee simu ikukopeshe njiani. Mkopo wa simu ni wa mtoto kuugua usiku, ni wa gari kuharibika Salgaa. Kuuzungushia likizo ya wiki mbili ni kuilipia likizo mara mbili.

Wengine husema, "Tutafikia kwa ndugu." Ni vizuri, na watoto watawajua binamu zao. Lakini ndugu yako huenda analipwa kwa saa, na siku anayokutembeza ni siku asiyolipwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nunueni chakula cha nyumba, na msimfanye ndugu kuwa bima ya safari yenu. Bima ya safari inunuliwe kabla ya kuondoka, hasa ya matibabu, kwa sababu hospitali za Marekani ni ghali mno.

Kabla hamjaondoka

Lipa karo ya muhula unaofuata kwanza. Ukishindwa kulipa karo na kusafiri, safari haijaiva.

Tenga pesa ya safari kwa mafungu: ya barabarani na gari, ya chakula, ya kulala, na ya amana. Hili la amana usilitumie kwa lolote. Kumbuka pia akaunti ya pesa kwa simu ina kikomo cha shilingi 500,000, na muamala mmoja shilingi 250,000, kwa hiyo kuhamishia kadi pesa ya familia nzima huenda ukahitaji siku zaidi ya moja. Usingoje usiku wa kuamkia safari.

Kadi ya mtandaoni inafaa kulipia hoteli na tiketi mapema. Kaunta ya magari mara nyingi hutaka kadi ya kushikika yenye jina la dereva. Dereva naye abebe leseni yake pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kinachotolewa hapa na AA Kenya, na ajizoeshe kichwani kwamba kule gari hukaa kulia.

Washa laini yako ya Kenya itumike nje ya nchi ukiwa bado hapa, na uijaribu kupokea ujumbe mara tu mkitua. Namba ya siri usimpe mtu, hata ndugu atakayebaki na biashara. Na mkubaliane neno moja la familia, la kuulizana kwenye simu kukiwa na shida, ili shemeji asikukatie mara mbili, na ili tapeli akimpigia Mama kwa jina lako asipate kitu.

Mwisho, kaeni mezani na watoto mwaambie bajeti. Yule wa miaka 13 anaweza kuhesabu kodi na bakshishi kuliko wewe. Mkisema "tunaenda miji mitatu kwa sababu ndiyo tunayoweza kulipia," wataelewa. Orlando haitahama.