Povidoni, Mchukuzi wa Dawa

Huenda msomaji akastaajabu kuona toleo hili limeelekezwa kwa povidoni, polima iliyoundwa na wanakemia na iyeyukayo majini, ambayo kwa dhati yake haiponyi maradhi yoyote. Sisi twaamini inastahiki, kwa kuwa sifa ile ile iliyoitia aibu ndani ya mwili ndiyo iliyoipa heshima juu ya ngozi.

Asili yake ni kazi ya Walter Reppe huko Ujerumani katika miaka ya 1930. Na vita vilipowaka, damu ikawa haitoshi majeruhi, povidoni ikapitishwa mishipani badala ya maji ya damu, kwa jina la Periston. Iliokoa roho za watu, nasi hatuinyimi haki hiyo. Walakini mwili hauna njia ya kuivunja, na molekuli zilizo kubwa mno kupita katika figo zilisalia katika ini na bandama, hata matabibu wakaiacha.

Mwaka 1955, huko Philadelphia, H. A. Shelanski na M. V. Shelanski waliifungamanisha na ayodini, dawa kali iuayo vijidudu lakini ichomayo na kuwasha. Povidoni huishika ayodini ile na kuitoa kidogo kidogo, kama mama mwenye tadbiri atoaye nafaka ghalani kibaba kwa kibaba, na kila inayotumika hufuatiwa na nyingine, pasipo polima yenyewe kudhuru ngozi.

Ushahidi ulio karibu nasi watoka Kikuyu, nchini Kenya, ambako watoto wachanga 3,117 walitiwa dawa machoni, na matokeo yakatangazwa mwaka 1995: waliopata povidoni yenye ayodini ya asilimia 2.5 waliugua macho kwa asilimia 13.1, hali waliopata naitreti ya fedha ni asilimia 17.5, na wa erithromaisini asilimia 15.2. Tena ndiyo iliyokuwa rahisi kwa bei.

Lakini aghalabu dawa hii hupakwa na kufutwa papo hapo, au humiminwa juu ya usaha, nao usaha huimaliza ayodini kabla haijawafikia vijidudu. Twawasihi wakuu wa hospitali, kabla ya kuagiza chupa zaidi, wahakikishe kila muuguzi amefunzwa kusafisha kidonda kwanza, na penye ngozi ya kupasuliwa, kupaka kisha kungoja hata ikauke.