Kamba wadogo, mimea na minyoo wa uji: tangi la samaki katika nyumba ya kupanga

Mkataba wa nyumba ukisema hakuna paka wala mbwa, watoto huhamia kwenye ombi la pili: samaki. Mzazi hukubali haraka, kwa kuwa samaki habweki, hakwaruzi makochi na hatolewi nje kwenye baridi. Jumamosi mnakwenda dukani, mnarudi na tangi, kokoto za bluu na samaki watano. Wiki mbili hazijaisha mmeshazika watatu, na mtoto anauliza amekosea wapi. Hajakosea. Tangi lilikuwa jipya mno.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huunguza mashavu wanayopumulia. Baada ya muda hutokea bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni. Kisha hutokea bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ikiwa kidogo haina shida, mimea huila. Kuwapata bakteria wote hawa huchukua wiki 4 hadi 6 hivi. Kwa hiyo weka maji, kichujio cha sponji na mimea, tia chembe chache za chakula kila siku kana kwamba samaki wamo, na upime maji kwa vipimo vya matone. Amonia na nitriti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, hapo ndipo mnakwenda kununua wanyama. Mtoto atalalamika. Mpe kazi ya kupima na kuandika namba ukutani. Watoto wa shule ya msingi huipenda kuliko tunavyodhani.

Maoni yangu ni kwamba familia inayoanza ianze na kamba, samaki baadaye. Nasema wale kamba wadogo wekundu wa maji yasiyo na chumvi, jina lao la kitaalamu Neocaridina davidi, asili yao Asia Mashariki. Hawazidi sentimita 3 au 4, huishi mwaka mmoja hadi miwili, na siku nzima wanachokonoa mwani na utando ulio juu ya majani. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, 20 hadi 30 hivi, akiyapepea kwa miguu yake kwa takriban mwezi mmoja, halafu hutoka watoto wenye umbo kamili la mama yao, wadogo kama ncha ya sindano. Mkikuta ganda tupu chini ya tangi msiogope, kamba amejivua gamba (la kweli, si lile la siasa zetu). Liacheni humo, watalila kwa ajili ya madini.

Mimea ichagueni ile isiyodai mengi. Anubias ni ya kwetu Afrika, misitu ya magharibi na kati, na hukua taratibu hata kwenye mwanga hafifu. Funga shina lake kwenye jiwe kwa uzi. Ukilifukia kwenye kokoto litaoza. Mosi wa Java nao hauna makuu, na watoto wa kamba hujificha humo. Taa iwake saa 6 hadi 8, zaidi ya hapo ni kulima mwani.

Maji ndiyo yanayotutofautisha huko tuliko. Ya London ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, na kamba hawa huyapenda. Ya Glasgow ni laini, hivyo yanahitaji kuongezwa madini maalumu, la sivyo magamba hayatakomaa. Walio Muscat na Dubai wanajua bomba la baridi hutoa nini mwezi wa Julai. Yaache kwanza ndani ya ndoo kwenye chumba chenye kiyoyozi, maana kamba wakizidishiwa nyuzi 28 huanza kutaabika. Popote mlipo, tieni dawa ya kuondoa klorini. Kuacha maji wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, ila si kloramini. Na someni maandishi kwenye dawa yoyote ya samaki: ikiwa na shaba, itaua kamba wote.

Tangi la lita 54 likijaa, pamoja na kioo na kokoto, hupita kilo 60. Si mzigo wa rafu ya vitabu.

Sasa chakula hai, sehemu ninayoipenda. Kamba hawakihitaji. Ni cha samaki wadogo mtakaowaongeza baadaye, na vifaranga wao. Rahisi kuliko vyote ni minyoo wadogo wa uji. Pika uji mzito wa oti, uache upoe kabisa, uweke kwenye kopo la plastiki kimo cha sentimita 1 au 2, nyunyiza hamira kidogo, ongeza kijiko cha mbegu ya minyoo iliyonunuliwa, kisha toboa mfuniko kwa sindano. Baada ya wiki hivi minyoo watapanda kutani mwa kopo. Wafute kwa kidole, suuza kidole ndani ya tangi. Kopo likianza kunuka uchachu mkali, anzisha jingine. Na liandike, mgeni asidhani ni uji wa mtoto.

Anayestahili karamu hiyo ni Nothobranchius guentheri, samaki wa Unguja hasa, wa madimbwi yanayokauka. Wakubwa hufa maji yakiisha, mayai hubaki kwenye tope yakingoja mvua. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai hayo kwa posta yakiwa kwenye mboji yenye unyevu. Wapeni tangi lao, maana watawala watoto wa kamba.

Naomba nivae sare yangu ya uuguzi kidogo. Msinyonye mpira kwa mdomo mnapotoa maji. Ndoo ya tangi isiwe ya kufulia wala ya jikoni. Mwenye kidonda au mchubuko asitie mkono, na mwenye kinga dhaifu avae glavu. Yupo bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, wa jamaa moja na yule wa kifua kikuu, anayeingia kupitia mchubuko na wiki kadhaa baadaye kuleta uvimbe usiopona kidoleni au mkononi. Daktari asipojua kuwa mna tangi anaweza kuwazungusha na dawa zisizo zake. Mwambieni mapema.

Kuhusu safari ya Desemba: tangi lililokomaa, lenye mimea na kamba peke yao, huvumilia wiki mbili au tatu bila kulishwa. Mkiwa na samaki, mwachieni jirani vipakti vya siku kwa siku, na makopo yafungieni kabatini, kwa sababu jirani mwema hulisha kupita kiasi. Kamba waliozidi msiwamwage mtoni, wala msiwabebe kwenda nao nyumbani. Mpeni mwanafunzi mwenzenu anayeanza, pamoja na kipande cha sponji yenu chafu. Bakteria wake humpunguzia wiki za kusubiri.