Mkulima Afikishwe Kwenye Mchele

Huwaambia wanafunzi wangu kwamba lugha huhifadhi yaliyowashughulisha wenyewe. Pale Mwingereza aridhikapo na jina moja, Mswahili ana matatu: mpunga ungali na maganda, mchele ukishakobolewa, na wali ukishapikwa. Kila jina ni hatua, na kila hatua ina bei yake.

Mkulima wa Mwea huishia kwenye jina la kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waliiasi Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, iliyowalazimisha kuiuzia mpunga wao. Mnyororo ule ulikatika. Wa dalali ungalipo. Aliye na deni la mbolea huuza mpunga siku za mavuno, bei ikiwa chini, na faida ya mchele humwendea mwenye kinu.

Bwawa la Thiba, lililokamilika mwaka 2022, limeleta maji, lakini maji pekee hayatoshi. Kenya ingali inaagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje, Pakistan ikiwemo. Wako wafanyabiashara wanaouchanganya mchele huo na pishori ya Mwea, kisha wote wakauita pishori. Je, mnunuzi wa ng'ambo ataliaminije jina tusiloliheshimu wenyewe?

Naishauri serikali ivikopeshe vyama vya ushirika fedha za vinu na maghala, na ililinde jina la pishori kisheria. Mkulima akishavuka kutoka mpunga hadi mchele, hapo ndipo tuzungumzie masoko ya nje.