Miti imezeeka, majani ya ng'ombe yanakufa

Mnazi, chini tambarare kwenye joto na mashamba ya mkonge, mti mkubwa wenye kivuli ni mali. Ukipanda mlima hadi Mlalo hesabu inageuka: kivuli hichohicho kinapunguza maziwa.

Chanzo chake kilikuwa kizuri. Mwaka 1981 Tanzania na Ujerumani zilianzisha mradi wa SECAP wilayani Lushoto ili kuzuia mmomonyoko. Wakulima walihimizwa kupanda majani ya guatemala pamoja na miti, ikiwemo migrivea, kwenye makinga maji. Majani yashike udongo na kulisha ng'ombe wa bandani, miti itoe kuni na mbao. Lakini mgrivea ukiachwa hupita meta 20, na chini yake guatemala hudhoofika kwa kukosa jua na kugombania maji na mizizi.

Hata matajiri wa gofu yamewakuta. Klabu ya Oakmont, Marekani, ilianza miaka ya 1990 kukata maelfu ya miti, na sababu mojawapo ilikuwa nyasi kukosa jua na hewa.

Mkulima wa Usambara huhesabu mbao atakazouza siku moja, hahesabu majani anayokosa kila siku. Kiangazi kikifika anayafuata mbali au anayanunua. Gharama hiyo ni ya mti uleule anaouona kama akiba. Mti uliokwishafikia unene wa kupasuliwa mbao, tena umesimama juu ya majani, ni akiba inayokula mtaji.

Dawa si kufyeka vyote kwa mkupuo. Udongo wa mlimani ukiachwa wazi huteremka na Mto Umba, na watu wa tambarare ndio huupokea mashambani. Ivunwe michache kila mwaka, miche ipandwe pembeni, na guatemala irudishiwe na samadi mvua zinapoanza. Migrivea inayobaki ipunguzwe matawi. Huchipua vizuri, na matawi yenyewe ni kuni.

Bei nayo iangaliwe. Anayeuza mti ukiwa umesimama, kwa kukadiria kwa macho, mara nyingi humwachia mnunuzi faida. Apime kwanza, aulize bei ya mbao sokoni, kisha apite ofisi ya misitu ya wilaya, kwani mbao zisizo na hati ya kusafirishia hukamatwa njiani.